Swali la Mama Mzee

Kanisani kwetu Kenyamonta hakuna kijana aliyemaliza kidato cha nne akachagua kombi ya kidato cha tano au chuo bila kwanza kukaa kwenye benchi la jikoni kwa Mama Mzee. Hakumlazimisha mtu. Ila Jumapili ya kwanza baada ya mitihani ungemwona anakujia mlangoni mwa kanisa, Biblia kwapani na viatu mkononi, maana viatu vilimbana na alikuwa anavivua kabla ya baraka ya mwisho.

"Wewe umemaliza. Utakuja lini?"

Basi, umeshapangiwa.

Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa kuwa ni mwanamke watoto walishindwa kumwita Mzee peke yake, wakaunganisha majina mawili, watu wazima wakafuata. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Akabaki na shamba la mtama na mihogo, ng'ombe wawili wa maziwa, na sisi.

Chai ya jikoni kwake haikumiminwa mpaka ujibu swali. Swali lilikuwa moja kwa kila mtu, na zamu yangu ilipofika nilidhani amesikia kelele nje.

"Nani analia?"

Nikageuka kutazama mlangoni.

"Siyo huko. Nakuuliza hapa kwetu, tangu umepata akili. Nani umemsikia analia ukashindwa kula? Mungu hamwiti mtu kwa tarumbeta, Bhoke. Anakusikilizisha mtu mmoja anayelia, halafu anakuacha na hicho kilio."

Nilitazama moto mpaka moshi ukanitoa machozi. Kisha nikamtaja jirani yetu aliyejifungulia njiani, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, mvua inanyesha, wanampeleka zahanati. Nilikuwa nimeshika mwavuli wake. Mtoto alitoka kimya. Mama yake ndiye aliyelia, na nilikuwa bado namsikia.

Mama Mzee akamimina chai, akaisogeza kwangu. "Basi unajua unakokwenda."

Baba hakutaka. Yeye alikuwa ameshaongea na shangazi yangu mwenye duka ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, nikajifunze biashara. Mama Mzee alikuja nyumbani kesho yake. Baba akamwamkia, akampa kiti, akamweleza habari za duka.

"Shangazi yake anamngoja, Mama Mzee. Uuguzi ni damu za watu tu."

"Duka litangoja," alisema. "Wanaojifungua hawangoji."

Nilisoma uuguzi na ukunga. Leo nafanya kazi zahanati moja huko Nyanungu, na sijawahi siku hata moja kutamani duka. Nalisema hili mapema ili ajuaye na asiyejua wafahamu kwamba kwangu alipatia. Ndiyo maana yaliyofuata yananiuma kuliko yanavyowauma wengine.

Watu wanaomsimulia sasa wanamfanya kama nabii wa uongo, na hiyo ni kumwonea. Hakuna kitu alichokichukia kama unabii. Siku moja alikuja mhubiri mgeni, akaanza kuwaita vijana mbele na kuwatabiria: wewe nakuona rubani, wewe daktari, wewe mbunge. Mama Mzee alisimama kwenye benchi lake akauliza kwa sauti ya darasani, "Baba mchungaji, huyo daktari uliyemwona, umeona na alama yake ya kemia?" Kanisa zima likacheka. Yule kijana alikuwa na F.

"Mungu hampeleki mwenye F ya kemia kwenye udaktari," alituambia baadaye. "Akitaka umpasue mtu tumbo, kwanza atakupa mwalimu wa kemia. Asipokupa, ujue anakutaka kwingine."

Hakuombea mtu afaulu. Ukimwomba akuombee mtihani alikuambia kaombee usingizi, ukiamka ukasome. Aliomba baada ya matokeo, nayo maombi yake yalikuwa mafupi kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Yeye mwenyewe hakuwa na subira hata kidogo. Alitufundisha kumngoja Bwana, lakini ugali hakuweza kuungoja uive. Tulikula kwake ugali wenye unga mkavu katikati miaka yote, na hakuna aliyethubutu kusema. Kwenye pikipiki alikuwa anampiga dereva begani: ongeza, mura, ongeza. Ibada ikizidi saa mbili alitoka nje akawa anafagia uwanja wa kanisa kwa nguvu, vumbi linaingia madirishani, mpaka mhubiri aelewe.

Tena alikuwa anakuja mwenyewe mpaka steshenari ya Mugumu kukaa pembeni ya kijana anayetuma maombi ya chuo. Hakujua kompyuta. Alikaa tu na kitabu chake cha nyimbo. Yule dada wa steshenari akisema mtandao umekata, Mama Mzee alifungua kitabu akaanza kuimba taratibu, na yule dada alikuwa anaomba mtandao urudi haraka kuliko sisi.

Kwa hiyo tulimwamini kwa sababu hakuwa mtu wa ndoto na maono. Alikuwa anatazama shamba, alama, mikono ya mtu, halafu anauliza swali lake. Angekuwa anatutabiria tungemcheka na tungepona.

Mwita alikuwa nyuma yangu miaka miwili. Sehemu kubwa ya utoto wake aliishi kwa mjomba wake karibu na geti la Ikoma, kisha akarudi Kenyamonta kusoma. Alikuwa na mikono. Redio iliyokufa ikikaa kwake siku mbili ilirudi inaongea. Mitambo ya sola ya nusu ya kijiji aliifunga yeye akiwa bado kidato cha tatu, juu ya mabati, bila viatu, anapiga mluzi. Ungemuuliza mtu yeyote barabarani Mwita asome nini, angekujibu umeme kabla hujamaliza swali.

Alipokaa kwenye lile benchi, Mama Mzee akamuuliza. Mimi nilikuwepo siku hiyo, nilikuja likizo, nilikuwa nachambua mboga. Mwita alifikiri, akasema kule Ikoma alimwona nyumbu amenaswa na waya shingoni, akalia kutwa nzima mpaka sauti ikakatika. Na mwaka huohuo tembo waliingia shamba la mjomba wake wakamaliza mtama wote, na mke wa mjomba alikaa katikati ya shamba analia kwa sauti ileile.

"Ileile kabisa, Mama Mzee. Ungefumba macho usingejua yupi ni yupi. Na hakuna mtu anayesimama katikati yao."

Mama Mzee hakumimina chai. Aliinuka akaja akamshika Mwita kichwani kwa mikono miwili, na nikaona analia. Katika miaka yote sikuwa nimemwona akilia kwa jibu la mtu.

"Utasimama wewe," alisema.

Mwita akacheka kwa aibu. "Lakini mimi napenda umeme."

"Umeme utaufanya jioni. Wito ni wa mchana."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, na nilitabasamu. Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo, nina furaha, niliona ni maneno mazuri.

Baba yake Mwita akauza ng'ombe. Mwita akaenda chuo cha wanyamapori, akarudi na diploma nzuri, akasimama kanisani amevaa shati la kaki. Tukapiga vigelegele. Mimi nilisimamishwa pembeni yake, maana Mama Mzee alipenda kutusimamisha pamoja: "Tazameni Bhoke. Tazameni Mwita. Kilio kimejibiwa."

Halafu ajira haikutoka.

Watu wa mjini wakisikia hivyo wanadhani ni mwaka mmoja au miwili. Mwita aliomba kila tangazo. Alikwenda kwenye usaili mpaka suruali ya usaili ikachakaa magotini. Alijitolea bila malipo, anafagia ofisi na kuandika namba za magari. Alipata kibarua cha kubeba mabegi ya wageni kwenye loji, msimu ukaisha, wakampunguza. Wenzake waliokwenda ufundi walikuwa wanajenga nyumba. Akajaribu kurudi kwenye sola, lakini wakati yupo chuo vijana wengine walikuwa wameshika wateja, na vifaa vyake alikuwa ameviuza kununua vitabu. Akaoa Robi, binti wa Nyanungu. Wakapata mtoto, akafuata wa pili. Robi alikuwa anauza dagaa sokoni, na Mwita alikuwa anabaki nyumbani na watoto. Kwetu sisi Wakurya mwanaume akibaki nyumbani na watoto, hakuna atakayemtukana mbele yake. Watanyamaza tu akipita, basi.

Hakuwa peke yake. Kijana aliyesoma ualimu alikuwa anaendesha bodaboda kwenda Sirari. Binti aliyesoma maabara alikuwa anasuka nywele. Wote walipita kwenye benchi lile. Walianza kuja kwa Mama Mzee tena, sasa wakiwa watu wazima, na wao ndio waliokuwa wanauliza.

Alikuwa na neno moja la kuwajibu. "Subirini. Mungu hachelewi."

Aliwaombea. Alifunga siku tatu, akafunga saba, akakonda. Nilipomwambia apunguze kwa sababu ya presha yake alinijibu, "Wewe umeajiriwa, Bhoke. Kaa kimya." Ndiyo mara pekee aliyonisemesha vibaya. Nilikaa kimya kweli, na nilijua alimaanisha nini. Sauti ileile, benchi lilelile, chai ileile. Mimi nina mshahara na Mwita ana shati la kaki. Mungu alikuwa ametuita sote wawili, halafu mmoja akamfungulia mlango?

Jumapili moja wakati wa ushuhuda Mwita alisimama. Alikuwa amevaa lile shati, limefuliwa mpaka limekuwa jeupe.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi nina swali tu kwa wazee. Yule aliyeniita, mnafikiri amepoteza namba yangu?"

Wengine wakacheka, wakidhani ni utani, kisha wakaacha. Mama Mzee alisimama kwenye benchi lake la mbele. Alikuwa bila viatu.

"Mwita, mwanangu. Subiri kidogo."

"Nimesubiri, Mama Mzee. Wanangu ndio hawajui kusubiri."

Akakaa. Mchungaji akaanzisha wimbo. Mimi nilikuwepo pia, nimekaa benchi la tatu, nimevaa kitenge kipya, na sikusema kitu. Ningeweza kusimama niseme, jamani, huyu ni fundi umeme, tumchangie vifaa aanze upya. Maneno hayo yalinijia kichwani waziwazi. Niliona kama ningemvunjia Mama Mzee heshima mbele ya kanisa.

Mwaka huo mvua ilikuwa mbaya na mtoto wa pili wa Mwita aliugua utapiamlo. Robi alikuja na mtoto zahanati kwangu kule Nyanungu kwa sababu ndiko kwao. Nilimpima mtoto, nikaandika uzito wake, na nikashindwa kumtazama mama yake usoni.

Msimu wa nyumbu kuhamia upande wetu ulipofika, Mwita aliingia hifadhini na wanaume wengine wawili. Alijua pale mitego inapowekwa kwa sababu alifundishwa chuoni jinsi ya kuitegua. Askari wa hifadhi waliwakuta wanakausha nyama. Wale wawili walikimbia. Mwita hakukimbia. Robi anasema mmoja wa wale askari alisoma na mumewe darasa moja chuoni, na Mwita alipomwona alikaa chini tu, akamwita kwa jina, akamuuliza, "Wewe walikuajiri lini?"

Kupatikana na nyara za serikali. Miaka ishirini.

Siku ya hukumu Mama Mzee alikuwa mahakamani. Hakimu aliposoma, watu wengi walilia, lakini yeye hapana. Alibaki ameketi, midomo wazi, kama mtu aliyeulizwa kitu kwa lugha asiyoijua. Jumapili iliyofuata aliomba nafasi mbele ya kanisa. Alisema anaacha uzee wa kanisa. Mchungaji akajaribu kumzuia.

"Niacheni niseme," alisema. "Nilimfundisha huyu mtoto kumsikia anayelia. Yeye alipolia, hapa hapa, nikamwambia asubiri. Sikumsikia. Mimi mwenye swali sikumsikia. Msilete tena mtoto wenu kwangu."

Akaenda kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, wanakokaa wanaochelewa.

Baada ya hapo alikuwa mtu mwingine. Jikoni alikaa peke yake. Steshenari hakwenda. Wazazi walipomwendea kwa siri, maana wengine bado walimwamini, aliwajibu hajui, kwa upole, akawapa maziwa waondoke nayo. Mama mmoja alimsihi: basi tuombe tu, Mama Mzee. Akasema, "Omba wewe. Nikianza mimi, naona mikono ya Mwita."

Nilimuuliza siku moja kama bado anaamini Mungu anamwita mtu kwenye kazi yake. Tulikuwa tunapalilia mtama wake. Alilima mstari mzima kabla ya kujibu.

"Wewe nilikusikia vizuri," alisema. "Hilo linanitesa zaidi. Ningekosea wote ningejua ni mimi. Sasa sijui ni mimi au ni Yeye."

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa mwaka huu, mbele ya gereza. Robi aliniomba nimsindikize kumwona mumewe, maana tangu mtoto aanze kupona alikuwa na habari njema za kumpelekea na aliogopa kulia akashindwa kuzisema. Tulifika asubuhi. Kwenye foleni ya ndugu, chini kabisa ukutani, alikuwa ameketi Mama Mzee, miguu imenyooshwa mbele, amevimba vifundo. Tukapiga goti.

"Shikamoo, Mama Mzee."

"Marahaba, Bhoke. Robi, marahaba mwanangu. Watoto?"

"Hawajambo, mama," Robi alisema. Hakuonyesha kushangaa. Aliponivuta pembeni aliniambia kwamba mama yule huja kila wiki. Anaandikisha jina, jina linapelekwa ndani, linarudi. Mwita hataki kumwona. Hajakubali hata mara moja.

Tukaingia. Mwita alikuwa amekonda lakini uso wake ulikuwa mtulivu kuliko kanisani siku ile. Robi akamweleza habari za mtoto, kwamba anatembea, kwamba anakula mpaka anaomba tena, na hakulia. Mwita ndiye aliyelia. Aliniambia anafundisha wenzake ufundi wa umeme humo ndani, na mkuu wa hapo anamruhusu. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama anasimulia hali ya hewa.

Muda ukabaki kidogo. Nikamwambia, "Mama Mzee yupo nje."

"Najua. Nasomewa jina lake kila wiki."

"Amezeeka, Mwita. Dakika tano tu."

Akatazama mikono yake. "Nikimwona nitamwambia nini? Nikimtukana nitapata dhambi. Nikimwambia nimemsamehe nitakuwa nadanganya, na yeye ndiye aliyenifundisha nisidanganye."

"Basi usiseme kitu. Mwache akutazame tu."

"Mwambie asije tena, Bhoke. Sitamwona. Mwambie hivyo, ili asipoteze nguvu."

Askari akagonga meza. Robi akamgusa mumewe begani, tukatoka.

Jua lilikuwa limeshapanda na kivuli cha ukuta kilikuwa kimemkimbia Mama Mzee, lakini hakuwa amesogea. Alituona tunatoka. Akanishika mkono nikiwa bado nimesimama, vidole vyake vikavu, vina nguvu ya ajabu.

"Umemtajia?"

"Nimemtajia."

"Amesemaje?"

Robi aligeuza uso akatazama barabarani. Nimewaambia wanawake wengi habari mbaya katika kazi yangu. Nimejifunza kusema moja kwa moja, kwa maneno machache, bila kuzunguka. Nilifungua mdomo niseme alivyonituma.

"Amesema bado."

"Bado?"

"Bado, Mama Mzee."

Alilirudia lile neno kimyakimya, midomo inatembea. Kisha akaniambia nimvute. Nikamshika kwapani, Robi akamshika upande wa pili, tukamsimamisha. Alikuwa mwepesi. Akajipangusa vumbi la gauni, akafunga kitambaa chake vizuri, akatazama lile geti kama mtu anayepima mlango kama kitanda kitapita.

"Bado ni neno zuri," alisema. "Basi wiki ijayo nitakuja mapema."

Akaondoka kuelekea kwenye pikipiki, hatua moja moja, ameshika ukuta. Robi hakuniuliza kitu. Mpaka leo hajaniuliza, na Mama Mzee anaendelea kwenda.